Zamu ya Mama

Siku ya khitma ya mama tulikuwepo ukumbini mimi, mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu wa kike, bibi yetu mzaa mama, ami, na mwalimu wa skuli ya maandalizi aliyokuwa akisoma huyo kitinda mimba. Baba alikwishatangulia zamani. Ami alirudia maneno aliyoyasema makaburini: anayemdai marehemu atuone sisi warithi.

Mwalimu akasema, "Mimi namdai."

Bibi akaguna. "Hata chai haijapoa, mwanangu!"

"Si pesa, bibi. Aliwaahidi wanafunzi wangu ngoma."

Akaeleza. Darasani kwake herufi huchorwa kwa chaki sakafuni, kubwa kama mkeka. Mtoto huitembea kwa miguu, wenzake wakiimba sauti yake, kisha hukaa akaichora kwenye karatasi. Mama ndiye aliyekuwa akiwapigia ngoma. Aliahidi kuwafikisha mpaka herufi ya mwisho, maradhi yakamkatiza njiani.

Ami akanitazama. "Wewe ndiye mkubwa."

"Nshakubali," nikasema.

Mimi skuli niliiacha mapema, baba alipofariki, na sasa nafua mashuka katika nyumba ya wageni hapa Mji Mkongwe. Niliomba ruhusa asubuhi moja nikaenda. Nilipiga ngoma kama ninavyofua, kwa nguvu na haraka. Watoto wakakimbia juu ya chaki, wakagongana, wakacheka. Kitinda mimba wetu alisimama katikati ya herufi, hasogei.

"Dada, unatufukuza? Mama alikuwa anangoja mguu ushuke, ndo anapiga."

Nikajaribu kungoja. Kungoja mguu wa mtoto ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani; huenda, husita, hurudi. Mwishoni mwa asubuhi ile nilikuwa naanza kuupata.

Kisha wageni wakajaa, ruhusa ikawa haipatikani. Ningeiacha kazi, wadogo zangu wangekula nini? Mwalimu akabaki akipiga makofi peke yake, na mwenye kupiga makofi hawezi kumshika mkono mtoto anayechelewa.

Mdogo wangu huyo sasa ameingia darasa la kwanza. Herufi alizopigiwa na mama anazisoma bila kusita. Zilizobaki anazichora vizuri, kama mtu anayechora paka au kikombe, lakini ukimuuliza zinasemaje, huchora nyingine. Jioni namchorea herufi ua mzima kwa chaki, nageuza beseni ngoma. Hutembea kidogo, akakaa.

"Nshakuwa mkubwa, dada. Wenzangu watancheka."

Nilimuuliza ami kama naweza kulilipa deni kwa kuwapigia watoto wapya wa mwalimu. Akasema thawabu nitapata, lakini deni hulipwa kwa aliyeahidiwa. Na wale walioahidiwa na mama wameshatawanyika, kila mmoja na skuli yake. Mmoja ninaye hapa nyumbani, na huyo bado hajamaliza herufi. Wengine sijui niwapate wapi.