Redio Moja, Nyumba Mbili

Mume wangu Machogu alikuwa fundi wa redio mjini Kisii, na alikuwa mtu wa kuota mchana. Ukimtuma chumvi anarudi na betri. Akiletewa redio iliyokufa hagusi bisibisi kwanza. Anafumba macho na kuitegea sikio, na mimi nabaki kuwaapia wateja kwamba fundi hajalala. Nilimpenda hivyo hivyo, ingawa ugali wake ulipoa mara nyingi.

Mwaka wa sabini na nane, Momanyi, muuza mitumba wa Daraja Mbili, alituletea redio kubwa ya stereo aliyoinunua Nairobi wakati wa Krismasi. Ukiiwasha, taa nyekundu inawaka na kubaki pale pale, spika hazitoi hata pumzi. Machogu akamweleza kwamba ndani mna swichi ya kuilinda. Ikihisi hatari, redio inajifunga. Ikiwa salama, utaisikia ikisema tik, ndipo muziki uje.

Akaiunganisha na spika zetu. Tik. Muziki ukajaa dukani. Momanyi akaibeba kwa furaha, na kesho yake akarudi nayo. Kwake ilikuwa imejifunga tena.

"Fundi, twende kwangu ujionee," akasema. "Nyamoita anasema ni huyu mdogo ameiharibu. Na huyu mdogo amefunga nguo zake, anarudi kwao Magwagwa."

Alikuwa na wake wawili, Nyamoita mkubwa na Kemuma mdogo. Kanisani walikuwa wamekwisha kumsogeza benchi la nyuma. Njia mbili zilimshinda fisi, lakini Momanyi alidhani stima itamsaidia. Redio aliiweka katika kijumba chake katikati ya boma. Spika ya kushoto akampa Nyamoita, ya kulia Kemuma, nyaya zikapita uani kati ya migomba. Tulipofika nami nikayaona hayo, nikacheka. Sikupata wa kucheka naye. Kemuma alikuwa ameketi mlangoni pake na kikapu mapajani, macho mekundu, nami nikamwonea huruma sana.

Mvua ya mchana ilikuwa imekatika, ukungu umelala migombani. Machogu akachomoa nyaya zote mbili, akaiwasha redio. Tik. Akaizima, akaurudisha waya wa Kemuma. Tik. Gitaa likaanza upande ule, peke yake, kama mtu anayepita mbali akijipigia tu. Akaizima tena, akaurudisha wa Nyamoita. Kimya, na taa nyekundu.

Akaufuata waya huo polepole kwa kiganja, macho nusu yamefumba, mpaka kizingitini kwa Nyamoita. Hapo ganda lilikuwa limechubuka, na nyuzi za shaba zinagusana.

"Mama, huu mlango unafungwa kwa nguvu?"

Nyamoita akaugusa mlango. "Kila jioni," akasema. "Bwana akivuka kwenda kule, mimi naupiga." Kisha akamgeukia mke mwenzake. "Ni mimi, Kemuma. Si wewe. Weka kikapu chini."

Kemuma akainuka, lakini kikapu hakukiweka.

Machogu akazungushia waya utepe, akaupitisha juu ya mlango. Tik. Kwa Nyamoita ikatoka sauti ya mwimbaji, bila gitaa, maana stereo huugawa wimbo kati ya spika mbili. Tangu Krismasi yeye alisikia maneno tu, na Kemuma gitaa tu. Kwa kuwa hawakutembeleana, kila mmoja aliamini ni mwenzake aliyepewa wimbo.

"Kumbe iko na gitaa?" Nyamoita akauliza.

"Na kumbe kuna mtu anaimba," Kemuma akasema.

Nyamoita akatoka mlangoni, akaja akisikiliza, huku Kemuma akisogea kutoka upande wake. Penye matope, katikati ya ua, sauti na gitaa vikakutana. Wakasimama hapo wote wawili. Mume wangu alikuwa amefumba macho kabisa, na siku ile sikumgusa ayafumbue. Momanyi akauliza kama aongeze sauti. Nikamwashiria aache.

Wimbo ulipokaribia kwisha, Nyamoita akanyoosha mikono na kumpokea Kemuma kikapu, kama anavyopokewa mgeni aliyefika.