Kimo cha Sanduku

Sanduku la mbao nililianza kwa kukata sakafu yake: urefu mita moja, upana sentimita themanini. Lilikuwa la kubebea cherehani ya miguu niliyopewa mjini Märsta, hapa Uswidi, na bibi mmoja wa Kiswidi aliyekuwa akihamia nyumba ndogo. Mdogo wangu kule Nakuru alikuwa akishonea cherehani ya watu, na wenyewe walikuwa wameshamwambia atafute kwingine. Kwa hiyo hii ilikuwa lazima ifike.

Aliyegawa nafasi kwenye kontena la mizigo ya kwenda nyumbani alikuwa ndugu mmoja Mrundi wa kanisani kwetu. Alinipigia simu.

"Mama, wewe uko na lita mia nne. Usipitishe."

"Lita? Ndugu yangu, mimi napeleka cherehani, sio uji!"

Akacheka, akakata simu. Watu wa namna hiyo hunipandisha mori.

Sebule yangu mtaani Rissne nayo ilikuwa imejaa vifurushi. Ikisikika tu kwamba unapeleka mzigo nyumbani, kila mtu anakuletea "kitu kidogo tu" cha mamake: viatu, sufuria, blanketi. Nilipokea vyote, maana kwetu ukikataa kifurushi cha mtu umemkataa mwenyewe. Nilijiambia nitapandisha kuta za sanduku mpaka vyote viingie.

Binti yangu wa miaka kumi na miwili alinitazama nikikadiria mbao kwa macho. "Men mamma," lakini mama, akaanza, na kwa Kiswidi chake cha haraka akaniambia ni kugawanya tu. Akanipokonya penseli, akaandika kwenye ubao mmoja wa sanduku. Lita mia nne ni sentimita za ujazo laki nne. Sakafu, mia mara themanini, ni elfu nane. Laki nne gawanya kwa elfu nane: hamsini.

Kimo ni sentimita hamsini. Cherehani ikisimama ilikuwa na zaidi ya sabini, hata ukiitoa kichwa. Nililia palepale sakafuni, mtu mzima mimi.  Binti aliilaza meza ya cherehani ubavu, akapima tena: arobaini na tano. Kichwa kikaingia katikati ya miguu yake. Nafasi iliyobaki ilitosha blanketi mbili.

Kesho yake nilipiga simu tisa. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu hapana. "Dada, haitaingia. Sanduku ni sentimita hamsini." Mmoja alininunia mwezi mzima. Wengine walisema, haya, kama ni hesabu basi, wakaja kuchukua vitu vyao na kunywa chai.

Miezi mitatu ikapita. Mdogo wangu akapiga simu, hata salamu hakunipa. Alisema, "Ngoja," akaiweka simu mezani, na kwa muda mrefu nikamsikiliza akishona.