Mfalme wa Afisa Forodha

Tangu astaafu forodha, yule mzee hajaacha kukagua. Amehama tu kutoka kwenye mizigo ya watu akahamia kwenye koo zao. Mgeni hajamaliza kuvua viatu, keshaulizwa baba wa bibi yake alikuwa nani na alitokea wapi. Akiuliza hubofya kalamu, tiki tiki, na kumkazia mgeni macho kama vile ameficha mjomba kwenye begi. Mkewe amezoea. Huweka chai mezani, akatafuta la kufanya jikoni, masikio ameyaacha sebuleni.

Jumapili moja mzee alimkalisha kitini shangazi yake, bikizee mwenye magoti mabovu na akili timamu, amweleze habari za babu wa babu.

"Alikuwa mpishi," shangazi akasema.

"Mpishi wa nani?"

"Wa watu tu. Na kupika kwenyewe hakujua, walimfukuza mara mbili."

Kalamu ikanyamaza. "Fikiri vizuri, shangazi. Hakuwa na cheo chochote?"

"Kwani wewe ulitaka awe nani, mwanangu?"

Mzee akakohoa, akatazama dirishani. "Mtu wa heshima zake. Hata mfalme, mfalme mdogo."

"Basi andika mfalme, uniache nilale."

Jikoni, mkewe alijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Alipokuja kuondoa vikombe, shangazi alikuwa ameshaanza kukoroma, na mumewe ameinama mezani, anaandika taratibu kwa mwandiko wake wa ofisini.

"Shangazi," aliita kwa upole, bila kuinua kichwa, "mfalme wa wapi?"