Mwandika Hina wa Kansanga

Basi la usiku kutoka Nairobi lilikuwa limeshavuka Busia, limeshaiacha Jinja nyuma, na sasa lilikuwa linatambaa katika foleni ya Jumamosi asubuhi kuingia Kampala. Viti vya nyuma, vijana wawili wa Kibra walikuwa wameamka na kuanza kubishana juu ya vilima. Kila kilima walichokiona walikiita Nakasero, kwa sababu ndilo jina pekee walilokuja nalo. Kwetu sisi wawili tuliokuwa tunauona mji huu kwa mara ya kwanza, hata jina moja lilikuwa msaada.

Mrefu aliitwa Fadhul, mwenye viatu vyeupe vipya ambavyo hakuvivua njia nzima, hata alipolala. Mfupi, mwenye maneno, alikuwa rafiki yake Abubaker. Nyumbani walikuwa wameaga kwamba wanakwenda Uganda kumchukua mwandika hina wa harusi ya dada yake Fadhul. Hawakusema kwamba mwandika hina angeweza kujichukua mwenyewe, wala kwamba Kampala ina sifa ya kucheza muziki hadi jua lichomoze. Wakatuambia sisi kwamba huyo mama ana vyumba vya wageni, safi, karibu na kila kitu. Tukawafuata.

Alikuwa anatungoja kwenye geti la buluu huko Kansanga, nyuma ya duka la matairi: mwanamke wa Kinubi wa miaka hamsini na tatu, miwani imefungwa kamba shingoni, sanduku dogo la bati kwapani.

"Karibuni," alisema. "Vitambulisho."

"Mama Zuleika, hata salamu?" Abubaker alilalamika.

"Salamu haijawahi kumpotea mtu baa. Leta."

Msafiri aliyezoea hoteli za Istanbul na Maputo huwa hapendi pasipoti yake iende mahali asipopaona. Lakini Zuleika hakuwa mtu wa kujadiliana naye. Alizitia pasipoti zetu mbili na kadi za vijana ndani ya sanduku, akampa kila mtu nakala yenye anwani ya nyumba, na kueleza utaratibu kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Kitambulisho kinalala, nakala ndiyo inayotoka. Kinywaji usichokiona kikifunguliwa si chako. Simu haitolewi mfukoni kando ya barabara. Mkienda wawili, mnarudi wawili.

Kisha akachukua koni ya hina. "Nyosha mkono."

"Mama, hina ni ya bibi harusi!"

"Na wewe leo unaolewa na Kampala. Nyosha."

Akaandika namba yake ya simu upande wa ndani wa mkono wa kila mmoja wetu, kwa tarakimu nene zisizo na mbwembwe, na mwishoni akaweka ua dogo kuonyesha kwamba namba imekwisha. Ikikauka, haitoki kwa wiki nzima hata kwa sabuni ya kufulia.

Ufundi huo aliuanza kwa sababu. Baba yake, mzee Kamis, alikuwa dereva wa polisi, na Zuleika alikulia kwenye nyumba za askari, ambako Kiswahili ndicho kilichowaunganisha Waacholi, Walugbara na Wanubi kama yeye. Ujana wake wote alipamba maharusi. Vyumba vya wageni vilikuja baadaye, vijana wa Kenya walipoanza kuvuka mpaka kila wikiendi. Mwaka mmoja mgeni wa kutoka Kisumu akapotea siku mbili. Alikuwa ameibiwa simu na kitambulisho kwa pamoja, na kumbe hakuna namba ya mtu yeyote aliyoijua kwa kichwa. Alichokumbuka ni geti la buluu. Kansanga ina mageti ya buluu yasiyo na idadi. Alipopatikana, amekonda na mwenye aibu, Zuleika aliutazama mkono wake mtupu, akatazama koni ya hina mezani, na tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyetoka kwake bila kuandikwa.

Lakini safari hii yeye mwenyewe alikuwa msafiri. Marehemu mama yake alizaliwa Kibra, akaolewa Uganda, asirudi tena. Huko Kibra alibaki mdogo wake, bibi wa miaka themanini na sita, ambaye ndiye nyanya yake Fadhul. Zuleika alikuwa hajawahi kumwona ana kwa ana. Walijuana kwa simu tu. "Njoo nikushike uso," bibi alimwambia. "Nasikia sauti ya dada yangu lakini sioni mtu." Usiku wa hina ya bibi harusi ulikuwa Jumatatu. Shule zilikuwa zinafunguliwa, mabasi yamejaa, na viti vitatu vilivyopatikana vilikuwa vya Jumapili saa sita mchana. Likipita basi hilo, hakuna jingine. Kitambulisho chake kipya cha taifa kilikuwa juu kabisa ndani ya sanduku, na tulimwona akikitazama mara mbili kabla hajafunga kufuli na kuutundika ufunguo shingoni.

Jumapili saa mbili asubuhi, baada ya vijana kukesha kwenye muziki, Abubaker alikuwa kitandani, anakoroma. Kitanda cha Fadhul kilikuwa hakijaguswa.

"Mwenzako yuko wapi?"

Abubaker akafumbua jicho moja. "Si alitangulia? Aliniambia anatoka nje ya klabu kidogo, ndani kuna joto. Nikadhani amerudi."

"Nilisema mkienda wawili?"

"Tunarudi wawili," kijana akajibu, na usingizi ukamtoka wote.

Zuleika akapiga simu ya Fadhul, imezimwa. Begi lake mwenyewe la safari lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kamba. Akalitazama, kisha akaenda kukaa barazani na simu mapajani. Hakumlaumu mtu. Alituambia tu, bila kugeuka, kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kulala na kitambulisho cha mgeni aliyepotea ndani ya sanduku, na kwamba hawezi kwenda kumpamba dada mtu huku kaka hajulikani alipo.

Saa tatu na robo simu ikalia.

"Mama Zuleika? Hii ni Okwera, kituo ya polisi hapa chini. Iko kijana hapa. Haina viatu, haina simu, haina kitambulisho. Iko na namba yako tu, na maua."

"Mzima?"

"Mzima sana. Amekula chapati yangu."

Zuleika alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yakachelewa kidogo kukauka. Akalichukua sanduku, akapanda bodaboda, Abubaker nyuma yake, sisi kwenye nyingine.

Fadhul alikuwa kwenye benchi, miguu mitupu imekunjwa chini kama ya mtoto shuleni. Alipomwona akasimama. "Mama, nisamehe."

"Umelewa?"

"Mimi sinywi, Mama. Nilikuja kucheza tu."

Kisa chake kilikuwa kifupi. Alitoka nje kupiga picha ya barabara, na mtu juu ya bodaboda akapita na simu, nakala ya Zuleika ikiwa ndani ya kava lake. Alimkimbiza hadi yeye mwenyewe akapotea njia. Adhana ya alfajiri ilipolia aliifuata, akasali, akajikunja nyuma ya nguzo na usingizi ukamchukua. Alipoamka msikiti ulikuwa mtupu na viatu vyake havipo mlangoni. Akatoka mbio kumtafuta mwizi, na doria ikamkuta anakimbia peku Jumapili asubuhi.

"Yeye nasema jina yake, lakini jina kila mtu naweza sema," Okwera alieleza kwa upole. Alikuwa Mwacholi mrefu, mwenye mashavu ya kucheka. "Mama, lete tu ile kitambulisho, mimi nafunga kitabu."

Zuleika akafungua sanduku, akatoa kadi ya Fadhul na kuiweka mezani. Okwera akaiinua. Akaikunja kidogo. Ikakunjika.

"Mama, hii ni karatasi."

Fadhul akatazama vidole vyake vya miguu.

"Wewe," Zuleika akasema polepole. "Umenipa nakala?"

"Mama, ile kadi ilinichukua miaka mitatu. Niliitwa mbele ya wazee mara nne, nieleze babu yangu alizikwa wapi ndipo waamini mimi ni Mkenya. Siwezi kuilaza mbali na mimi. Nilitengeneza nakala Nairobi, nikaitia plastiki. Hiyo ndiyo niliyokupa."

"Na yenyewe iko wapi?"

"Ndani ya kiatu. Nilifikiria kila kitu, Mama. Wanaweza kuchukua simu, wanaweza kuchukua pochi. Nikasema, nani atamvua mtu kiatu?"

"Mungu," akasema Abubaker. "Mungu ndiye aliyekuvua."

Okwera akaligeukia dirisha, mabega yanatikisika. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi. Mpakani bila kitambulisho kijana asingevuka, na Zuleika hakuwa wa kumwacha. Akasimama. "Twende msikitini. Afande, na wewe."

Mlangoni mwa msikiti mtunzaji, mzee Muhamadi, alikuwa anafagia. Alisikiliza hadi mwisho, akiegemea ufagio.

"Viatu vinavyobaki baada ya sala navifungia," alisema. "Wezi wa viatu hawana mapumziko. Ninazo jozi tano. Nyeupe ziko jozi mbili."

"Vyangu ni vipya, mzee!"

"Kila anayekuja anasema vipya. Una kitambulisho?"

Zuleika akaketi kwenye ngazi, akaficha uso ndani ya mtandio.

"Kitambulisho," Okwera akajitahidi, "iko ndani ya viatu, mzee."

Muhamadi aliwatazama mmoja mmoja kuona kama wanamfanyia mzaha nyumbani kwa Mungu. Kisha akaingia ndani, akarudi na gunia, akatoa viatu vyeupe. "Cha kulia," Fadhul alinong'ona. Mzee akainua soli ya ndani kwa kucha, akatoa kadi, akaifuta kwenye kanzu na kuisogeza mbali na macho yake.

"Fadhul," akasoma. "Ni wewe huyu? Mbona hapa umekasirika?"

"Nilikuwa nimengoja miaka mitatu, mzee."

"Haya. Vaa, ukaoge."

Ikawa saa tano kasoro robo. Okwera akafunga kitabu chake akiwa amesimama, akaandika kwamba mgeni amepatikana na viatu vyake. Mbio hadi nyumbani, begi, maji ya haraka kwa Fadhul, kisha bodaboda tena hadi ofisi ya basi mjini. Njia nzima kadi za vijana wote wawili zilikuwa mkononi mwa Zuleika pamoja na ya kwake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kuziomba.

Mlangoni mwa basi Abubaker alimzuia. "Mama, subiri. Nyosha mkono." Alikuwa ameichukua ile koni ya hina mezani. Hapohapo, huku kondakta anapiga kelele, akamwandikia namba ya bibi wa Kibra, tarakimu zimepinda kama kuku waliokanyaga unga.

"Na ua?" Zuleika akauliza.

"Sijui kuchora ua."

"Basi weka nukta."

Wakapanda. Zuleika alikaa dirishani, mkono umenyooshwa nje ili ukauke, na hata basi lilipoanza kurudi nyuma hakuurudisha ndani. Fadhul, karibu yake, alikuwa ameshavua viatu.

Lilipokata kona ndipo tulipokumbuka. Pasipoti zetu mbili zilikuwa ndani ya sanduku la bati, sanduku kabatini Kansanga, na ufunguo shingoni mwake, unaelekea Busia. Tukatazamana. Kisha kila mmoja akakunja mkono wa shati, na mmoja akasoma tarakimu huku mwingine akibonyeza, mpaka kwenye ua.

Alipokea mara moja. Kelele za basi zilikuwa nyingi, naye alikuwa anacheka na mtu.

"Najua," alisema kabla hatujamaliza. "Narudi Alhamisi. Kwani mlikuwa mnakwenda wapi?"