Kijani Hadi Wamaza

Shefu wetu, mkuu wa ofisi yetu pale Kasongo, alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda rangi ya kijani kuliko alivyopenda kazi. Sisi watatu tuliandika programu ya simu kwa ajili ya vituo vya afya vya Kabambare. Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto, simu inamwambia dozi ya dawa ya malaria. Shefu aliporudi kutoka semina Kinshasa, kichwa kimemvimba, alikuja na utaratibu mpya. Mmoja wetu akibadilisha kitu, mashine iijaribu programu nzima yenyewe, ikiona sawa iwashe kijani kwenye skrini kubwa ya ukutani, kisha isambaze toleo jipya.

Utaratibu wenyewe ni mzuri, siudharau. Ninaowadharau ni sisi wenyewe. Mtandao wa Kasongo ulikuwa ukikatika katikati ya majaribio, skrini inageuka nyekundu, shefu anaona haya. Siku moja, wageni waliokuja kuona kazi yetu wakiwa wanashuka kwenye pikipiki hapo nje, akaniinamia.

"Zimisha ile majaribio. Iko natuletea haya."

Nikaongeza mstari mmoja kwenye maagizo ya mashine, majaribio yakarukwa. Tangu hapo skrini ilikuwa kijani kama sombe, yale majani ya muhogo, hata tukiandika upuuzi. Wageni walipiga nayo picha.

Na hiyo habari ya kusambaza yenyewe msinichekeshe. Vituo vyetu havikuwa na mtandao. Msambazaji nilikuwa mimi, nyuma ya pikipiki, kadi saba za memori zenye toleo jipya mfukoni, moja kwa kila kituo, tope hadi magotini.

Kituo cha kwanza kilikuwa Wamaza. Muuguzi wa pale, mama wa makamo, alikuwa na desturi tuliyoicheka sana ofisini. Kila toleo jipya likifika, anafungua daftari lake la zamani, anachagua watoto watatu aliowatibu wakapona, anaingiza uzito wao kwenye simu, analinganisha dozi. Tulimwita mama wa makaratasi. Siku hiyo mtoto mwenye homa alikuwa ameshapimwa uzito, mama yake amempakata anangoja, na muuguzi bado anafunua kurasa. Nilikasirika. Nikamwambia asipoteze wakati, programu imeshajaribiwa.

Akaendelea kulinganisha. Alipomaliza akanigeuzia simu. Jedwali la dozi nililolipanga upya lilikuwa limesogea safu nzima: mtoto wa kilo nane alikuwa anapewa dawa ya mtoto wa kilo ishirini.

"Weye uliijaribu?" akauliza.

"Ilikuwa kijani, mama."

"Sikukuuliza rangi, mutoto yangu."

Akaizima simu, akasoma dozi kwenye karatasi yake ya ukutani, akampa mtoto dawa. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye kizingiti, mkono juu ya mfuko wenye kadi sita zilizobaki. Niliogopa hata kuzitoa.

Nilizirudisha zote Kasongo. Nikaufuta ule mstari, majaribio yakarudi, yakalikamata jedwali langu, skrini ikawa nyekundu papo hapo. Shefu akauliza nani ameharibu skrini yake. Hakuuliza habari za Wamaza.

Ninamdharau mpaka leo. Lakini nyani haoni kundule. Mashine ile huandika kila badiliko na jina la aliyelifanya, na haifuti. Juzi nilikwenda kuangalia pale majaribio yalipozimwa. Jina la shefu halipo. Lipo langu.