Jino la Simsim

Mwezi uliopita mgeni mmoja wa nyumba ya wageni ninakofanya kazi, hapa mtaa wa Hai Amarat, alisafiri akaniachia paka wake. Pamoja na paka aliniachia mswaki mdogo na dawa ya meno yenye harufu ya kuku. Mpishi wetu, ambaye ni Mkenya, alicheka mpaka akaketi chini. "Ati paka apigwe mswaki! Hii Juba nimeona mambo." Mimi sikucheka. Nilimshika paka nyuma ya shingo, nikainua mdomo wake kwa kidole gumba, nikaanza kusugua. Mkono wangu uliijua kazi ile kabla kichwa hakijakumbuka niliisomea wapi.

Niliisomea mtaa wa Gurei, pembeni mwa mji huu huu, kwa bibi mzaa mama, miaka ya vile vita virefu vya kaskazini na kusini, rafiki yangu. Askari wa serikali walikuwa mjini pamoja nasi, waasi walikuwa msituni wametuzunguka, na njia za kutoka zilikuwa zimefukiwa mabomu. Chakula kilikuja kwa ndege, siku kilipokuja. Ukiniuliza sauti ya miaka ile, sitakutajia mizinga. Nitakutajia wanawake walioacha kutwanga, michi ikiwa juu, wasikilize kama ile ni ndege ya mahindi au ni upepo tu. Kisha wanaendelea kutwanga. Tulikula asida, yaani ugali wa mtama, na majani ya kunde, mara nyingi bila chumvi. Bibi alikuwa na chumvi kidogo aliyoifunga kwenye pindo la kitambaa, na pindo hilo halikufunguliwa ovyo.

Mbwa wetu aliitwa Simsim kwa sababu ya rangi yake ya ufuta. Alikuwa jike, mzee kidogo, sikio moja limechanika. Bibi alipokwenda kutafuta kuni, Simsim alikwenda naye na kurudi naye. Bibi alizoea kusema, "Mtu anayekusindikiza bila kuulizwa, usimwite mbwa."

Jirani yetu, mama mmoja mtu mzima aliyekaa upande wa pili wa ua wa matete, hakutaka kumwona. Mjukuu wake aliumwa na mbwa wa mtaani mwenye kichaa, na sindano za kumponya hazikuwapo mjini. Mtoto akafa. Tangu siku ile yeye na bibi hawakuombana hata kaa la moto. Zamani walikuwa wakisukana nywele. Hawakugombana, la. Jirani hakuweza tu kuingia kwenye ua wenye mbwa, na bibi hakuweza kumfukuza mbwa wake, basi kila mmoja akabaki kwake.

Msimu mmoja wa kiangazi Simsim alivimba chini ya jicho. Aliacha kula. Mate yakaanza kumtoka, mazito, yananuka, na akawa anasugua uso wake chini. Jirani alimwona juu ya ua akapiga yowe mpaka askari wa kituo cha barabarani akaja na bunduki yake. Kijana yule naye alionekana hajalala. Alimtazama Simsim, akamtazama bibi.

"Mama, mfunge. Kesho nikipita nikimkuta anatokwa mate hivi, nampiga risasi."

Bibi alichota maji kwenye bakuli, akayaweka mbele ya mbwa. Simsim aliyanywa polepole, kichwa amekilaza upande, kama mtu anayeficha shavu.

"Umeona?" bibi akaita juu ya ua. "Mwenye kichaa huyaogopa maji. Huyu anaumwa jino."

Upande wa pili mlango ulifungwa.

Lazima nikueleze kazi ya jirani yule. Kabla ya vita ndiye aliyewang'oa watoto meno ya mbele ya chini, kwa desturi ya wazee wetu. Bibi mwenyewe alikuwa na pengo hilo. Jirani alikuwa na chuma chembamba, chenye ncha bapa, na watu walimjia kutoka mbali na kuku na pombe ya mtama. Vita vilipokuja, koo zikatawanyika, na chuma kikakaa bila kazi.

Bibi alinishika mkono tukazunguka ua. Alisimama mlangoni mwa jirani bila kuingia.

"Dada yangu, nimekuja kukuomba chuma chako."

"Chuma hiki kimegusa vinywa vya watoto wa watu. Nikitie kwenye kinywa cha mbwa?"

"Nipe basi, nitamng'oa mwenyewe."

"Utamvunja taya."

"Nitamvunja. Ama askari atampiga risasi. Mimi nimechoka, dada. Nimezika watu, nimezika mpaka nguo za watu ambao hatukuwapata. Huyu bado yuko hai."

Jirani akaingia ndani, akatoka na chuma chake kikiwa kimefungwa kwenye ngozi, akatutangulia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kwetu tangu mtoto alipokufa. Aliona mbwa, miguu ikasita, lakini akaja.

Bibi alimpitisha Simsim kijiti mdomoni, nyuma ya chonge, akakifunga kwa kitambaa ili asiweze kuuma. Mimi nilishika miguu ya nyuma. Jirani aliinua mdomo wa Simsim uliovimba, na pale tukaliona: jino kubwa la juu lilikuwa limepasuka katikati, ufizi mweusi. Wakati ule mbwa walitafuna mifupa mikavu kama mawe, hapakuwa na mingine.

Halikutoka kwa wepesi. Jino la mbwa lina mizizi kama mti. Jirani alilichokoa kipande kwa kipande, jasho likimdondoka, na Simsim alilia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mnyama. Usaha ukamwagika. Jirani alikuwa akisema, "Malesh, malesh, pole, inaisha sasa hivi," na sauti yake ikaanza kukatika. Kipande cha mwisho kilipotoka alikiweka chini, akaketi kwenye vumbi, akalia huku akimtaja mjukuu wake. Bibi akaketi karibu naye.

Kesho yake askari alipita. Simsim alikuwa anaramba uji. Askari alimtazama, akaenda zake.

Pindo la kitambaa likafunguliwa. Kila jioni, kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje, nilimsafisha Simsim kidonda, kisha meno yote, kwa kitambaa cha maji ya chumvi, na jirani alikuja kukagua. "Nyuma huko, binti, usiogope ulimi." Sisi tulikula majani bila chumvi, na hakuna aliyelalamika. Wanawake wale wawili wakaanza tena kusukana nywele, mbwa amelala katikati yao.

Simsim aliishi misimu mingine kadhaa, akafa kwa uzee. Jirani alipata nafasi kwenye ndege ya Khartoum, na hatukumsikia tena. Bibi alifia Uganda, tulikokimbilia baadaye, na kaburi lake liko kwenye shamba la watu wengine. Nilipokwenda Gurei juzi nilikuta maduka ya simu, nyumba za matofali, vijana wenye meno yote ya mbele. Niliuliza habari za ua wetu. Waliniita shangazi kwa heshima, wakanipa kiti na maji, lakini hakuna aliyejua. Nilikaa pale hadi jua likapungua, nikijaribu kukisia nyumba ya jirani ilisimama wapi. Sikuweza. Nimebaki mimi tu ninayeikumbuka siku ile, na siku hizi hata mimi, sauti ya jirani akisema malesh, huisikia kwa mbali.