Nyasi za Mgeni

Sijawahi kupotea msituni, na hilo nalisema bila kujibaraguza. Nilifundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi, na nilipostaafu majirani zangu wa Kibeta, Bukoba, walidhani nitatulia nyumbani nipalilie kahawa. Nikanunua viatu vya kupandia milima. Kila Jumamosi nilikuwa Muleba, kwenye hifadhi ya msitu iliyo kando ya ziwa, nikijifunza njia zake moja baada ya nyingine. Nilichotaka ni kibali cha kuongoza wageni humo, na nilikitaka kuliko cheo chochote nilichowahi kupewa shuleni.

Siku ya kupimwa nilitakiwa kuja na wageni wangu mwenyewe. Nikawachukua wanakwaya wenzangu wawili kutoka Bilele, pamoja na mama yangu, ambaye anakaribia themanini na bado ananishinda kupanda mlima. Mama hakuyaelewa kabisa matembezi haya. Maisha yake yote ametembea na kitu kichwani: mkungu wa ndizi, kuni, ndoo ya maji. Aliniuliza tunapeleka nini huko msituni. Nikamwambia hatupeleki kitu, tunatembea tu. Alicheka mpaka akashika mti.

Langoni nilitoa masharti kwa sauti yangu ya darasani. Usikate mti, usichume ua, usiwape tumbili chakula. Unachokikuta kiache, unachokuja nacho ondoka nacho. Askari wa hifadhi aliyepewa kazi ya kunipima alisikiliza. Alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa mkoa mwingine, na alitembea nyuma yetu na daftari lake mkononi.

Na niliongoza vizuri, acha nijisifu. Niliwaonyesha nyayo za pongo kwenye tope, nikawasimamisha kabla hondohondo hajaruka, nikawafikisha kwenye mwamba wa juu ya ziwa wakati ukungu unaondoka na kisiwa cha Bumbire kinaonekana chote. Nilikuwa naeleza upepo wa ziwa wakati Mama alipopotelea pembeni kidogo. Akarudi na nyasi mbichi mikono yote miwili, akazitandika chini, ncha zikiangalia upande mmoja kama sebuleni kwake. Kisha akafungua kitambaa akatoa akamwani, zile kahawa kavu tunazompa mgeni atafune.

Mimi nikakaa. Nilikaa wa kwanza, nikanyoosha miguu na kuendelea na upepo wangu. Wanakwaya nao wakakaa. Askari peke yake ndiye aliyebaki amesimama.

Akauliza taratibu nani amekata nyasi. Mama alidhani anaona aibu kukaa kwa kuwa hajakaribishwa.

"Nimekutandikia wewe, waitu," alimwambia kwa heshima ya Kihaya. "Sisi ni wa hapa. Mgeni ni wewe."

Niliona aibu. Ningeweza kusema sikuona, maana kweli nilikuwa nimewapa mgongo alipokuwa akikata. Lakini nyasi nilizikalia.

"Kosa ni langu," nikamwambia askari. "Andika."

Akaandika. Nilitakiwa kurudi baada ya mwezi.

Njia nzima ya kurudi Bukoba nilikuwa na hasira, na nilimwambia Mama waziwazi kwamba amenikosesha kibali. Usiku nilijiona mjinga. Nyumbani kwetu, kabla ya sakafu ya saruji, hakuna mgeni aliyekaa kwenye udongo mtupu. Sisi watoto ndio tuliotumwa nyasi, na mimi nilikuwa hodari wa kuzilaza. Ndiyo maana langoni nilitaja mti na ua, nyasi nikazisahau. Kwangu nyasi chini ya mgeni hazikuwa uharibifu hata kidogo. Asubuhi nilikwenda kwa Mama nikamwomba msamaha. Aliupokea, halafu akataka nimrudie yale masharti, polepole.

Mwezi ulipotimia Mama alitoka mgombani na mzigo wa nyasi kichwani, umefungwa kwa kamba za mgomba. Nikamwambia autue. Hakuutua.

"Si ulisema unachokuja nacho ondoka nacho? Nimekuja nazo. Nitaondoka nazo."

Nilitaka kumbishia, nikaacha. Masharti yalikuwa yangu, na alikuwa ameyashika kuliko mwanafunzi yeyote niliyemfundisha.

Langoni nilimweleza askari kabla hajauliza: zimekatwa shambani kwetu, na zitarudi kwetu zote. Aliufungua mzigo, akazikagua kama zina mbegu, akaufunga tena mwenyewe na kumtwisha Mama.

Kule mwambani Mama alitandika. Safari hii sikukaa. Nilisimama na wanakwaya wangu, nikimwangalia askari. Alivua kofia, akakaa katikati ya nyasi, akapokea akamwani kwa mikono miwili. Alitafuna kwanza, akatutazama sisi tuliosimama, akasogea kutupa nafasi. Kibali changu alikiandika hapo hapo, daftari likiwa juu ya goti.

Tulipoinuka, Mama aliokota nyasi zake mpaka unyasi wa mwisho, akajitwika mzigo kichwani. Akanipita kwenye njia ninayoijua kuliko mtu yeyote, akasema bila kugeuka kwamba leo ndiyo tumetembea.